Presha kuka ya umeme: miezi mitano jikoni kwangu Uyole

Niliinunua Mwanjelwa, ya lita 6, wati 1,000. Nilikuwa na shida moja tu: maharage. Mbeya tuko juu, mita 1,700 na ushee kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo maharage ya usiku unayabandika mchana. Kwenye mkaa yalinila saa mbili na nusu. Humu, yakishalala kwenye maji usiku kucha, dakika 35 yameiva na mchuzi mzito. Makande dakika 50. Mara ya kwanza nilisimama na kijiko nikiyabonyeza moja moja, siamini.

Hata hivyo wiki sita za mwanzo niliitumia mara tatu tu. Niliogopa LUKU. Hela ya mkaa nilishaitoa siku ya kununua gunia, nikaisahau. Umeme niliuona ukiondoka kila dakika. Aliyeniondolea hofu ni mama mpangaji mwenzangu. Tulisoma mita, tukapika maharage nusu kilo, tukasoma tena: hata nusu uniti haikufika. Akanionyesha na matumizi yake ya wiki nzima. Tangu siku hiyo naipikia kila siku.

Binti yangu wa chuo alinisimulia utafiti wa Wesley Schultz na wenzake, uliochapishwa 2007, kutoka San Marcos, California. Waliacha milangoni mwa watu karatasi zinazosema: wewe umetumia umeme kiasi hiki, majirani zako kwa wastani kiasi hiki. Waliozidi wakapunguza. Waliokuwa chini wakapanda kuufuata wastani, isipokuwa pale karatasi ilipochorwa uso unaotabasamu. Hao walibaki chini. Nikamwambia, mwanangu, hilo ndilo lililotokea hapa uani kwetu.

Ndiyo maana kasoro inayoniuma ni kioo chake: kinaonyesha dakika, uniti hakionyeshi. Kingeonyesha, nisingepoteza zile wiki sita. Mpira wa mfuniko nao unashika harufu ya dagaa, uvueni na kuuosha kila mara. Muuzaji aliniahidi mpira wa akiba, mpaka leo sijauona.

Ugali haisongi. Gunia nililonunua Mei liko nusu, na kilichokula hiyo nusu ni ugali na baridi ya Julai.