91 au 95? Matangi manane ya petroli kati ya Seeb na Nizwa

Ami yangu hana mjadala katika petroli ya kutia garini, 91 au 95. "Mwanangu, itie tisini na tano, utaona gari inavyoteleza." Mimi miaka yote natia 91, na kila nikifika kituoni kijana wa pampu akiniuliza "Adi au mumtaz?", yaani ya kawaida, 91, au bora, 95, nikijibu adi najiona bahili. Msimu huu wa baridi nikaamua kupima mwenyewe.

Gari ni Corolla ya 1.6, otomatiki, imeshapita kilomita laki moja na nusu. Nakaa Seeb, hapa Oman, kazi yangu Nizwa. Naondoka Jumapili alfajiri na kurudi Alhamisi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 280, na tangi moja linanitosha safari mbili. Njia ni ile ile, Fanja, Bidbid, Izki, na mguu ni ule ule. Nilipima kwenda na kurudi kwa pamoja kwa sababu Nizwa iko juu: ukienda unapanda, ukirudi unateremka, na anayepima upande mmoja tu anajidanganya.

Mshale wa mafuta nimeupuuza. Nilikuwa natia tangi mpaka pampu ikate, naandika kilomita, naendesha, narudi pampu ile ile, natia tena mpaka ikate. Kilomita nilizokwenda nagawa kwa lita zilizoingia. Shida ilikuwa kijana wa pampu. Hapa wamezoea kukuwekea riyali kamili, kwa hiyo pampu ikikata kwenye riyali 8 na baisa 780 (riyali moja ni baisa elfu), yeye anaendelea kuminya taratibu, tik, tik, mpaka ifike 9, usije ukamdai chenji. Hizo baisa 220 ni karibu lita nzima! Lita moja katika 38 ni asilimia mbili na nusu, na kama mtakavyoona, tofauti niliyokuwa naitafuta ni ndogo kuliko hiyo. Siku ya kwanza nilimshika mkono. Baadaye tulizoeana, akiniona tu anacheka, "Khalas, khalas, ikikata basi."

Kuanzia Novemba hadi Februari, matangi manane, manne ya kila namba. Kwa 91 nilipata kilomita 14.6, 14.9, 14.3 na 14.7 kwa lita. Kwa 95 nikapata 14.8, 14.5, 14.9 na 14.6. Ukichukua wastani, 95 imeshinda kwa chini ya mita mia moja kwa kila lita. Tangi moja na jingine la namba hiyo hiyo yamepishana zaidi ya hapo, kwa hiyo hata huo ushindi siuiti ushindi.

Sasa njoo kwenye pesa. Kwa ukomo wa bei ambao serikali iliuweka mwishoni mwa 2021, 91 ilikuwa baisa 229 kwa lita na 95 ilikuwa 239. Ni baisa kumi tu, lakini ni zaidi ya asilimia nne. Kwa gari yangu kilomita mia zilinigharimu riyali 1 na baisa 566 kwa 91, na riyali 1 na baisa 626 kwa 95. Sitafilisika kwa baisa 60, ila sioni ninacholipia.

Wengi wetu tumeichukulia namba ya oktani, hiyo 91 au 95, kama nguvu ya mafuta, sivyo. Ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa ndani ya silinda bila kujiwakia yenyewe kabla moto ulioanzishwa na cheche ya plagi haujaifikia. Ikijiwakia mapema injini inagonga, unasikia kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Kitabu cha gari yangu kinataka 91 au zaidi, maana yake 91 haiigongeshi, na kisichogonga hakina cha kutibiwa na 95. Gari ya shemeji yangu ni habari nyingine. Ni ya Kijerumani, ina turbo, na kwenye kifuniko cha tangi wameandika 95. Alipojaribu 91 mwezi wa Julai haikugonga, kwa sababu kompyuta ilichelewesha cheche kuilinda injini, lakini ikawa nzito kwenye vilima na kwa kila lita akapoteza kama kilomita moja. Yeye akibana baisa kumi anazitoa mlango wa pili.

Ipo na 98 kwenye baadhi ya vituo. Hiyo sikuigusa.

Kuanzia mwezi wa Machi nikahamia kwenye kulinganisha kampuni za mafuta. Hapa kuna Shell, Oman Oil na Al Maha, na kila moja ina mashabiki wake kama timu za mpira. Petroli yenyewe kwa sehemu kubwa inatoka kwenye viwanda vile vile vya Mina al Fahal na Sohar. Kampuni inaongeza dawa zake za kusafisha injini. Nilitia 91 ya zote tatu na kila mara nikabaki humo humo, kati ya 14.4 na 14.8. Hizo dawa huenda zinafaa kwa muda mrefu, lakini kwenye tangi mbili mbili hazionekani.

Isipokuwa tangi moja lililotoka 13.5. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia ami kwamba kituo kile wanachanganya mafuta. Bahati nzuri kabla sijatuma nikapima upepo wa mipira (matairi): 26, wakati inatakiwa 33. Nikaijaza upepo, nikarudi kituo kile kile, nikapata 14.7. Ujumbe nikaufuta. Wiki nyingine nilishikilia mwendo wa kilomita 100 kwa saa badala ya 120 yangu ya kawaida, malori yakinipita na kunipigia honi, nikapata 16.3. Hakuna petroli iliyonipa hivyo.

Alhamisi iliyopita ami alinituma nikamtilie gari yake. Akanipa riyali tano. "Mumtaz, mwanangu, usinitilie hiyo takataka yako." Nikamtilia mumtaz. Halafu nikasogeza gari kwenye pampu ya upepo. Mpira wa nyuma kushoto ulikuwa na 24.