Vifaa vya kung'oa visiki kwa bobcat: ununue kipi kwanza?

Nunua kwanza baketi ya visiki. Naanza na jibu kwa sababu wengi wanaouliza wameshaona video ya mashine ya kusaga ikitafuna shina kwa dakika mbili, na wako tayari kutoa dola elfu kadhaa siku hiyo hiyo. Kwa mwenye shamba la kusafisha, au mkandarasi mdogo anayefungua viwanja, hela hiyo inatoka mapema mno.

Ninazungumzia zile mashine ndogo za kupakia zinazogeuka papo hapo, ambazo mtaani zote ni bobcat hata zikiwa zimeandikwa Case au Caterpillar. Babu yao ilitengenezwa mwaka 1957 na ndugu wawili, Cyril na Louis Keller, huko Minnesota, Marekani, ili itoe samadi kwenye banda la batamzinga. Mpaka leo ni mashine ya kubeba na kusukuma kuliko kuchokonoa. Ya ukubwa wa kawaida ina uzito wa tani mbili na nusu hadi tatu na nusu, na hubeba salama kilo 700 hadi 1,000 hivi. Kisiki cha mwembe mzee kikitoka na udongo wake kinaweza kuzidi hapo. Visiki vyako vingi vikiwa vya aina hiyo, usinunue kitu chochote kilichomo humu. Kodi kijiko, yaani ekskaveta, kwa siku moja, lipa, maliza.

Kabla ya kuuliza bei ya chochote, nenda kwenye mashine yako na futi. Pima pleti ya mbele inayoshika baketi. Bobcat nyingi za kisasa zina pleti ya vipimo vinavyofanana, kwa hiyo kifaa cha kampuni moja hukaa kwenye mashine ya nyingine. Lakini ndogo zile ambazo opereta husimama nyuma zina pleti yao tofauti, na baadhi ya mitumba ya zamani hushika baketi kwa pini. Halafu soma kitabu cha mashine uone pampu inatoa lita ngapi za mafuta kwa dakika na kwa shinikizo la bar ngapi. Zidisha lita kwa bar, gawanya kwa 600, utapata kilowati zinazofika kwenye kifaa. Mashine ya lita 75 kwa bar 200 inapeleka kilowati 25. Ya mtiririko mkubwa, tuseme lita 130 kwa bar hizo hizo, inapeleka 43. Kwa baketi hesabu hii haina kazi. Kwa mashine ya kusaga, ndiyo inayoamua kama utasaga au utakwaruza.

Nafasi ya kwanza: baketi ya visiki

Ni ndefu, nyembamba, ina meno machache mdomoni na kingo za ubavuni zilizochongwa mithili ya msumeno. Haina mota wala mpira wa mafuta, kwa hiyo hata bobcat iliyochoka pampu inaitumia. Kule Marekani, baketi mpya huuzwa kwa kiasi cha dola 1,000, kabla hujaweka usafiri na ushuru. Nguvu ya mashine, ambayo kwenye baketi ya kawaida inasambaa mdomo mzima, hapa inabanwa kwenye meno hayo machache.

Anayeijua kazi haanzi na kisiki. Anasimama kama mita moja kando, anazamisha meno kwa mshazari, anasukuma polepole mpaka mashine ikwame kidogo. Hapo ameupata mzizi. Anakunja baketi, kingo zinaukata, anahamia upande mwingine. Mizizi ya pembeni ikishaisha ndipo anaingia chini ya kisiki na kukiinua, anakitikisa udongo udondoke, kisha anakibeba chinichini, sentimita chache juu ya ardhi. Yule anayeingiza meno chini ya kisiki toka mwanzo na kung'ang'ania mpaka magurudumu ya nyuma yananing'inia, huyo atakupindia shafti ya jeki.

Mwenye chenso naye aambiwe mapema. Ukipanga kung'oa, aache shina la mita moja au zaidi, upate pa kusukumia. Ukipanga kusaga, akate sawa na ardhi kadiri anavyoweza. Wengi hukata katikati, urefu wa goti, ambao haumsaidii mtu yeyote.

Na baketi hii si lazima itoke ng'ambo. Fundi mzuri wa kuchomelea anaitengeneza hapa hapa, na kingo zake hutengenezwa vizuri kwa visu vya greda vilivyochakaa. Chuma hicho kina kaboni nyingi, kwa hiyo kipashwe moto kwanza na kuchomelewa kwa rodi za 7018 zilizokaa pakavu. Ukichomelea kibaridi kitapasuka pembeni ya mshono. Sehemu moja tu ningenunua ya kiwandani, nayo ni pleti ya nyuma. Ikikosewa milimita chache, baketi inacheza, na mchezo huo unakula ndoano za mashine.

Nafasi ya pili: mashine ya kusaga visiki

Ni gurudumu zito la chuma lenye meno ya kabaidi, linaloendeshwa na mota ya haidroliki na kutembezwa kulia na kushoto juu ya kisiki. Bei huanzia dola elfu kadhaa na kupanda haraka. Kama kazi zako ni ndani ya nyua za watu, karibu na ukuta, pevingi na mabomba, ipandishe iwe ya kwanza, maana kung'oa mwarobaini ulioshikana na msingi wa ukuta ni kuomba ugomvi na mwenye nyumba.

Ina mambo yake. Nyingi zinataka mtiririko mkubwa wa mafuta, na baadhi zinahitaji mpira wa tatu, mwembamba, unaorudisha mafuta ya ndani ya mota moja kwa moja kwenye tangi. Kifaa kikiwa na mpira huo na bobcat yako haina pa kuuchomeka, usikubali fundi auzibe: shinikizo litapanda ndani ya mota na sili zitatoka. Kwa joto letu, mafuta yanachemka mapema kazi inapoendelea mfululizo, hasa rejeta ikijaa vumbi la mbao, basi simamisha na ipulize. Vipande vinaruka kwa nguvu. Mitumba mingi huja bila mlango wa mbele wa kebini, na bila mlango huo usisage.

Ardhi pia ina neno. Kwenye kichanga cha pwani meno yanachakaa tu, lakini kwenye mawe ya matumbawe, kama kusini mwa Unguja, yanavunjika ncha. Huko rudi kwenye baketi.

Kingine wauzaji hawakwambii: kusaga hakuondoi mizizi. Ukitaka kumwaga msingi wa nyumba mahali hapo, ng'oa. Mizizi iliyobaki itaoza, udongo utashuka, na mchwa watakuwa wameshapata njia. Yale maganda yaliyosagwa nayo usiyarudishe shimoni ukajengea juu yake.

Miti haifanani

Mkaratusi na msaji huchipua tena kisikini. Ukiusaga juu juu utarudi na machipukizi mengi kuliko shina ulilokata, kwa hiyo shuka sentimita 20 hadi 30 na uzunguke hadi magome yote ya shingo ya mti yaishe. Misindano ya mashambani kama Sao Hill haichipui, kwa hiyo sentimita chache chini ya udongo zinatosha kama hulimi kwa trekta.

Mnazi nao una mambo yake. Hauna mzizi mkuu. Una maelfu ya vijizizi vyembamba, na nyuzi zake zinajisokota kwenye gurudumu la kusaga mpaka uzime mashine ukate kwa kisu. Kwa baketi unatoka vizuri, na kwenye mchanga unatoka upesi. Tatizo linabaki baada ya kuung'oa. Chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa minazi, huzaliana kwenye mashina ya minazi yanayooza, halafu dume na jike wanapanda kula mioyo ya minazi mizima. Usivilundike visiki pembeni mwa shamba. Vichome au vifukie chini kabisa.

Nafasi ya tatu: reki yenye kucha ya kukamatia

Hii haing'oi sana, inasafisha. Meno yake yanapita kwenye udongo yakikusanya mizizi, kucha ya juu inabana, udongo unabaki shambani. Inahitaji mtiririko wa kawaida tu. Kama umeshanunua baketi na kazi ni za mashamba, hiki ndicho cha kufuata, kabla ya mashine ya kusaga.

Nafasi ya nne: koleo la kung'olea miti

Linabana shina dogo na kulivuta zima. Halifai kwa visiki vikubwa, ila kwa migunga michanga, nguzo za uzio za zamani na mathenge, ule mti wa miiba wa kule Baringo na Garissa nchini Kenya, hakuna kinacholishinda. Mathenge akikatwa juu ya ardhi anachipua, hivyo kumvuta na shingo yake ndiyo dawa. Miiba yake inatoboa matairi ya upepo. Weka yaliyojazwa povu au ya mpira mtupu.

Ile koni kubwa ya chuma inayofungwa kwenye mota ya kuchimbia mashimo ya nguzo inafaa tu kama mota hiyo unayo tayari. Ni ya polepole, lakini inakubali mtiririko mdogo. Na mashine ya kusagia vichaka, ile ya ngoma pana, achana nayo kwa kazi hii: ni ghali kuliko vyote hapa, na imekusudiwa kilicho juu ya ardhi.

Ukiangukia mashine ya kusaga ya mtumba, izungushe gurudumu kwa mkono ikiwa imezimwa na mipira imechomolewa, usikilize bearingi. Tikisa kila mfuko wa jino. Jino likiisha hubadilishwa kwa spana, lakini mfuko uliopasuka unataka gurudumu lishushwe na kuchomelewa, na likichomelewa bila kusawazishwa litatikisa mashine nzima. Kisha muulize muuzaji jino moja ni shilingi ngapi na kama anayo dukani leo. Akijibu ataagiza, punguza bei au nunua seti mbili pamoja na mashine.