Uzoefu wangu wa kutafuta nyumba ya kupanga ya bei nafuu katika mji mdogo

Nimetumia njia tatu: matangazo ya mtandaoni, dalali, na kuzunguka mtaani kwa miguu. Kwa mji mdogo, kuzunguka ndiko naweka mbele, dalali anafuata, mtandao unashika mkia. Katika mji wa namna hii nyumba nafuu ni chache, na nyingi hupata mpangaji kabla hazijatangazwa. Anayehama humuaga jirani, mlinzi au muuza duka wiki kadhaa mapema, kwa hiyo hao ndio wa kuwauliza. Tangazo lililokaa mtandaoni zaidi ya mwezi, nyumba ikiwa bado tupu, uliza kwa nini. Na picha zikiwa nzuri kupita bei, zitafute mtandaoni kwa picha badala ya maneno. Mara nyingi utazikuta kwenye nyumba ya mji mwingine kabisa.

Dalali ana faida moja kubwa: ana funguo. Ubaya ni kwamba nyumba moja inaweza kuwa mikononi mwa madalali watatu, kila mmoja na bei yake. Kabla hujaondoka naye, mwulize ada ya kuonyeshwa ni ya nyumba moja au ya zote, na kama itakatwa kwenye malipo yake ya mwisho. Halafu piga hesabu. Dalali akichukua kodi ya mwezi mmoja na ukakaa miezi 12, ni sawa na kodi kupanda kwa zaidi kidogo ya asilimia 8. Ukihama baada ya miezi 6, inakuwa karibu asilimia 17.

Ndiyo maana silinganishi nyumba kwa kodi iliyotajwa. Chukua kodi ya mwaka, ongeza malipo ya dalali, maji, taka, ulinzi na nauli ya kwenda kazini, kisha gawanya kwa 12. Amana usiiweke humo, kwa kuwa inatakiwa irudi, ila hakikisha unayo mkononi siku ya kulipa. Nauli ndiyo inayosahaulika zaidi. Mji mdogo una umbali mfupi, lakini magari ya jioni huwa machache, na nyumba ya pembeni iliyoonekana rahisi huishia kukudai usafiri wa kukodi kila ukichelewa.

Kwenye ukaguzi naomba msomaji asiwe na haraka. Nenda mara mbili: mchana kuona mwanga, usiku kusikia kelele na kuona njia. Ukipata nafasi ya kwenda baada ya mvua, usiiache.

Umeme ndio huleta ugomvi mwingi, hasa nyumba zenye mita ndogo za ndani. Zima swichi kuu ya nyumba yako, kisha tazama mita. Taa yake ikiendelea kupepesa au namba zikisogea, kuna mtu anakula umeme kupitia mita yako. Baada ya hapo pima usahihi wake. Mita nyingi za kidijitali zimeandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja. 1000 ni ya kawaida. Washa birika la umeme la wati 2000 peke yake na uhesabu kwa dakika moja: inatakiwa upate mipepeso kama 33. Volti ikiwa chini, namba itapungua kidogo, hilo lisikutishe. Ukipata 45, mita inakudanganya, na utalipa kosa hilo kila mwezi.

Maji nayapima kwa ndoo ya lita 10, saa ambazo wapangaji wote wako nyumbani. Ikijaa ndani ya dakika 2, bomba liko sawa. Kisha fungua bomba la pili; la kwanza likikatika karibu kabisa, ama bomba ni jembamba, ama limejaa kutu, ama tangi liko chini mno. Kila mita moja ya kimo cha maji hutoa msukumo wa takriban baa 0.1, hivyo tangi lililo mita 2 juu ya bomba la mvua linakupa baa 0.2 tu. Ndiyo sababu ghorofa ya juu kabisa huteseka, na hita nyingi za papo kwa papo haziwaki huko bila pampu.

Ukuta: chumvi nyeupe na rangi iliyobabuka kuanzia sakafuni hadi karibu mita 1 ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, na kupaka rangi upya hakuutibu. Doa la juu ni paa au bomba, hilo linatengenezeka. Chumba kikiwa na ukuta mmoja tu uliopakwa rangi mpya, uguse kwa kiganja, kisha fungua kabati lililo karibu nao unuse.

Usilipe chochote zaidi ya ada ya kuonyeshwa kabla ya kuingia ndani na kujua mwenye nyumba ni nani. Omba kuona hati au bili yenye jina, na jina hilo lifanane na la akaunti unayolipia na la mkataba. Mkataba utaje muda wa notisi, nani anatengeneza nini, kodi inaweza kupanda lini, na amana inarudi ndani ya siku ngapi. Neno "matengenezo madogo" peke yake likatae. Liandikwe ni yapi.

Siku ya kuchukua funguo, kabla ya kuingiza kitu chochote, rekodi video kuanzia mlangoni, chumba hadi chumba, ukifungua kila bomba na kila droo. Malizia kwenye namba za mita ya umeme na ya maji, ziandikwe kwenye karatasi mbili, nyote wawili msaini, kila mmoja abaki na yake.