Fundo bandia la tai: miezi minane kaunta, usiku mmoja ukumbini

Tai yangu ya kazini aliifunga shemeji mwaka 2019, na tangu siku hiyo haikufunguliwa hadi mwaka jana mwezi wa nne. Wanaume wenzangu mtanielewa. Unalegeza, unaitoa kichwani, unaitundika msumarini nyuma ya mlango. Asubuhi unaivaa kama kitanzi, unavuta, unaondoka. Shemeji alishahamia Nachingwea, ila fundo lake nilibaki nalo. Lilikuwa gumu kama korosho ambayo haijabanguliwa na limeanza kung'aa kwa jasho, lakini lilikuwa fundo.

Aliyenimaliza ni dobi. Kijana mchapakazi, amefungua kibanda mtaani kwetu, nikampelekea mashati na tai nikiwa sina hili wala lile. Akaifumua. Akaifua, akaipiga pasi, akanirudishia imenyooka kama rula huku anatabasamu, anasubiri nimsifie. Nikamsifia. Nilipofika nyumbani nikakaa kitandani na ile tai mapajani, najiuliza kesho nitaingia vipi kazini.

Mimi ni mhudumu wa mapokezi kwenye hoteli moja hapa Mtwara, upande wa Shangani. Zamu ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili, na sheria ya meneja haina mjadala: kaunta haikaliwi bila tai. Umeme ukikatika, kiyoyozi kikazima, bado tai. Na umeme hukatika, gesi ya Mnazi Bay tunayo uani kwetu na bado hukatika.

Mtauliza kwa nini sikujifunza. Mzee wangu alikuwa mtumishi wa serikali enzi za suti za Kaunda. Amestaafu na suti nne, zote za Kaunda, tai hana hata moja, kwa hiyo hilo somo nyumbani kwetu halikuwahi kufundishwa. Nikajaribu video. Tabu ya video ni kwamba jamaa anakutazama, kulia kwake ni kushoto kwako, na ukisimama mbele ya kioo mambo yanageuka tena. Nikiwa huko ndipo nikakutana na habari ya wanafizikia wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, ambao mwaka 1999 walipiga hesabu wakapata njia 85 za kufunga tai. Themanini na tano! Mimi naomba moja tu na inanishinda.

Kwa siku kama kumi nikawa nafungiwa na mlinzi wa usiku kabla hajatoka zamu. Anafunga vizuri, lakini anafunga huku ananisimulia matatizo yake, na mwisho wa tai huwa kuna elfu mbili ya kuazimwa.

Ndipo nikaona tangazo la hiki kidude. Muuzaji yuko Kariakoo, yeye anakiita "fundo bandia". Nililipa shilingi 9,000, na 3,000 nyingine ya kutumiwa kwa basi, nikakipokea stendi ya Mkanaledi kesho yake, kimo ndani ya bahasha ya kaki. Nilivyoipapasa ile bahasha nilidhani wamenitumia kiberiti. Ukubwa ndio huo huo.

Ni kipande cha plastiki chenye umbo la fundo lenyewe: juu kipana, chini kimechongoka, katikati kina uwazi. Nyuma kina ndoano ndogo, na pembeni kina masikio mawili mafupi bapa. Hutengenezi fundo. Unalaza tai juu ya hicho kipande, unaikunja ikifunike mbele, unaizungushia nyuma, halafu ule upande mpana unauchomekea juu na kuushusha kwenye uwazi, unauvuta mpaka kitambaa kikaze. Ukitazama kwa mbele ni fundo kabisa, tena limenyooka pande zote kuliko lile la shemeji. Kisha unafunga kifungo cha juu cha shati, ndoano unaikamatisha nyuma ya kifungo, masikio unayaficha chini ya kola, basi. Shingoni hakuzunguki kitu.

Mara ya kwanza nilitumia dakika kama saba, nikatoka jasho kama mtu anayebadilisha tairi. Siku ya tatu ilikuwa dakika moja. Siku hizi hata hiyo dakika siitumii, maana tai haitoki kwenye plastiki. Narudi nyumbani nachomoa ndoano, natundika vyote pamoja. Mke wangu akaniambia, "Sasa si yaleyale?" Kidogo ni kweli. Ila si yaleyale kwa tai yenyewe. Fundi wangu wa cherehani pale sokoni alinifundisha kitu ambacho sikuwahi kukijua: alishika tai ncha mbili akaivuta, ikarefuka kidogo, akaiachia, ikarudi. Kitambaa chake hukatwa mshazari, ndiyo maana kinaning'inia bila kujipinda. Ukataji huo, vipande vitatu vilivyoungwa, aliusajili mtu wa New York, Jesse Langsdorf, miaka ya 1920, na tai nyingi hadi leo hukatwa hivyo. Ukiikaba fundo moja miaka mitano, pale shingoni panakufa, hapavutiki wala hapanyooki. Yangu ilishakufa. Aliniwekea kidole kwenye makunyanzi akasema, "Hapa pasi haisaidii, kaka." Kwenye plastiki kitambaa kimelazwa tu, hakikabwi.

Kubwa zaidi ni shingo. Wa Njombe na Mbeya wanisamehe, haya hayawahusu. Miezi ya kusi mtu unaweza kuvumilia. Kaskazi ikishaingia, Novemba hivi, saa nne asubuhi ule mkanda wa tai chini ya kola huwa umelowa, na hukauka ukiacha mstari mweupe wa chumvi. Nilikuwa na upele shingoni kila mwaka, nikidhani ni sabuni. Mwaka huu sijaupata. Kifungo cha juu bado nafunga, sitawadanganya kwamba ni sawa na kuvaa fulana, lakini kola inapumua na mashati yangu meupe hayana tena ule ukingo wa kahawia ndani.

Sasa niseme yale ambayo muuzaji hakuyasema.

Kwanza ni mkia. Tai ya kawaida ina urefu wa karibu mita moja na nusu, na sehemu ya urefu huo ilikusudiwa kuzunguka shingo. Mimi navaa shati namba 16, yaani sentimita arobaini na ushee. Usipozungusha, zile sentimita zinakwenda wapi? Zinashuka nyuma ya tai. Siku ya kwanza ule upande mwembamba ulikuwa unachungulia chini ya mkanda wa suruali, nikawa natembea kama mtu aliyetoka chooni bila kujiangalia. Unaweza kuuchomeka ndani ya shati katikati ya vifungo, ila ukiinama kuchukua begi la mgeni unatoka. Nilihangaika na pini wiki mbili. Mwishowe nikampelekea fundi yule yule, akaukunja mara mbili akaushona kwa ndani, shilingi elfu moja. Kwa hiyo bei halisi ya hiki kitu si 9,000 wala 12,000, ni 13,000.

Pili, tai inaonekana haina ilikotoka. Kama shati lako lina kola iliyofunga, hakuna atakayejua. Kola ikiwa ya kupanuka, pale pembeni ambapo mkanda wa tai ungeonekana unaingia chini ya kola, kunaonekana shati tu. Wageni wengi hawatazami. Lakini msimu wa korosho, minada ikianza Oktoba, hoteli hujaa wanunuzi, na hawa ni watu ambao kazi yao ni kukagua. Mzee mmoja alisimama kaunta, nikampa shikamoo, akaitika marahaba huku macho yako kooni kwangu. Nikaandika jina lake, nikampa ufunguo, hajaondoka. Akasema taratibu, "Kijana, hiyo tai yako imeingilia wapi?" Nikamwonyesha. Akachomoa miwani, akaigeuza tai kidole kwa kidole kama anayepima ubora wa korosho, akanirudishia. "Werevu," akasema, "lakini kifungo kitakuponza."

Ningemsikiliza. Desemba tulikuwa na harusi Lindi, binamu yangu anaoa. Tulitoka asubuhi, tukapita Mikindani, Mnazi Mmoja tukasimama kula, nikafika mjini nimenyooka, tai nyekundu nene ya kuazima juu ya plastiki yangu. Hapo palikuwa na makosa mawili. Tai nene inajazana kwenye ule uwazi, inalazimisha plastiki isimame mbali na kola. Halafu uzito wote wa tai, pamoja na kila anayekugusa, unabebwa na kifungo kimoja cha shati na nyuzi zake nne.

Ukumbini usiku, wakati wa kwenda kutoa zawadi, watu wanacheza mstari mmoja kuelekea meza ya maharusi. Mjomba wetu mkubwa, ambaye kwa sisi watu wa kusini ndiye mwenye shughuli hata kama baba yupo, akanivuta kunikumbatia. Kifungo kikalia "ta!" nikakisikia kikidunda kwenye vigae. Nilipojitoa kifuani kwake, shati langu lilikuwa wazi kooni na mjomba amebaki na tai mkononi, fundo na vyote, anaitazama. Mshereheshaji hakunipa nafasi ya kupumua. Akapaza kwenye maiki: "Mjomba kavua changu!"

Changu yule samaki, na changu ya "kitu changu". Ukumbi mzima. Hadi leo Lindi wananiita Changu.

Kwa haki niseme kwamba kutoka kirahisi si ubaya kwa kila mtu. Yule mlinzi wetu wa usiku aliniambia kazini kwake kwa zamani walipewa tai za klipu kwa makusudi, na polisi wa nchi nyingi huvaa hizo hizo: mtu akiikamata tai yako mnapokurupushana, anabaki nayo yeye, shingo unabaki nayo wewe. Anayefanya kazi karibu na mashine zinazozunguka naye afikirie hilo. Ukumbini kwenye wajomba ndiko kwenye shida.

Kuhusu mbadala, nimejaribu tai ya zipu ya mwenzangu wa zamu ya jioni. Inafungwa haraka na haihitaji kifungo, ila inazunguka shingo kama kawaida, joto liko palepale, na unanunua tai nzima iliyotengenezwa tayari. Zako tano za kabatini hazina kazi. Kwa watu wa hali ya hewa ya baridi naona hiyo ni bora. Tai ya lastiki sitaijadili. Binti yangu yuko chekechea, sare yao inayo, na aliponiona na hiki kidude aliuliza kama na mimi nimeanza shule.

Ukiamua kununua, chukua cha rangi nyeupe kama unavaa tai za rangi hafifu, maana cheusi kinaonekana kwa ndani kama kitambaa ni chepesi. Tai za kitambaa cha polista, zile za kawaida za sokoni, ndizo zinazokaa vizuri. Hariri nyepesi inateleza. Nilikuwa naikaza kila baada ya saa moja hivi. Na kabla ya yote, kifungo cha juu cha kila shati la kazini kishonewe upya kwa uzi mnene. Yangu sita nimefanya hivyo, na kaunta sijapata ajali tena.

Kwa kazi nakipa nne kwa tano. Kwa harusi sikipi kitu.

Shemeji alipita wiki iliyopita akitokea Nachingwea. Kabla hata chai haijamiminwa nikamletea tai ya bluu, ile ambayo haijawahi kuvaliwa. Akacheka sana, habari za Lindi zilishamfikia, akaifunga akiwa amesimama barazani. Iko msumarini nyuma ya mlango. Dobi nimeshamwonya.