Sholay katika banda la video la Langoni: uzoefu wangu

Mwezi uliopita nililipa shilingi 50 kuingia katika banda moja la video hapa Lamu, mtaa wa Langoni, ili nitazame Sholay, picha ya Kihindi ambayo kwa watu wa rika langu haihitaji kutambulishwa, kwani ukimtaja Gabbar Singh barazani hata mzee aliyeacha kutazama picha zamani atakujibu kwa sauti nzito ya jambazi yule. Tangu siku hiyo nimeulizwa mara kadhaa kama banda hilo linafaa. Kwa picha za ngumi na za risasi linafaa, na mwende bila wasiwasi. Kwa Sholay nina neno, nalo ni refu kidogo kwa sababu lawama yangu haihusu ubovu wa mashine.

Banda lenyewe ni chumba cha chini cha nyumba ya kale yenye kuta nene za matumbawe, kwa hivyo joto lake huvumilika hata mlango ukishafungwa. Kuna mabenchi saba mbele na viti vya plastiki nyuma. Mimi hukaa vitini, mgongo hauniruhusu benchi. Projekta imefungwa kwenye boriti na picha hupigwa juu ya shuka jeupe lililonyooshwa vizuri, ila upande wa kushoto lina kiraka ambacho ukikiona mara moja utakiona mpaka mwisho. Picha huanza baada ya sala ya Isha, na huo ni mpango wa busara, maana picha ya zaidi ya saa tatu ikianza alasiri itakatizwa na adhana mbili. Njugu na mabuyu huuzwa mlangoni.

Wateja huja kwa ajili ya msimulizi. Ni kijana anayekaa kando ya spika akiwa na kipaza sauti, akatafsiri Kihindi kwa Kiswahili, akaongeza utani wake na kuwapa wahusika tabia za watu tunaowajua. Sina ubishi na kipaji chake. Hema Malini anayeigiza Basanti, binti mwendesha gari la farasi asiyenyamaza hata akiulizwa swali la kujibiwa kwa neno moja, alipata kwa kijana huyu sauti inayomfaa kabisa. Farasi wake aligeuzwa punda, Basanti akawa anagombana na wachukuzi wa gatini kuhusu nauli, na banda zima likavunjika mbavu. Vivyo hivyo pale Dharmendra, yaani Veeru, mmoja wa wezi wawili mashujaa wa picha hii, anapopanda mnara wa tangi la maji amelewa na kutishia kujirusha asipoozwa Basanti, msimulizi alimfanya shangazi wa bibi harusi ajibu kwa Kiamu cha ndani hasa, na sikumbuki kama nimewahi kucheka hivyo katika onyesho hilo kwa Kihindi chake cha asili.

Penye maneno mengi, basi, kijana huyu ni hodari. Tatizo ni kwamba Sholay haikusimama juu ya maneno peke yake. Picha hii ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, ikiongozwa na Ramesh Sippy na kuandikwa na Salim na Javed, na ilipigwa kwa kiasi kikubwa kwenye majabali ya Ramanagara, kusini mwa Uhindi. Maneno yake yalipendwa mpaka yakauzwa kwenye santuri kama nyimbo, na ndiyo maana Gabbar alipowauliza watu wake watatu waliorudi mikono mitupu wale maadui walikuwa wangapi, nusu ya banda lilimtangulia kwa Kihindi, tena watu wasioweza kuomba hata maji kwa lugha hiyo. Hapo msimulizi hakuhitajika na kwa bahati nzuri alilitambua hilo, akanyamaza. Lakini kabla ya maneno hayo kuna sauti ya viatu vya Gabbar vikikwaruza jiwe huku mkanda wake ukiburutwa, na kwa muda hatumwoni uso. Amjad Khan alikuwa mgeni machoni pa watazamaji wakati ule, na hofu yetu ilijengwa kwa viatu na mkanda. Juu ya sauti hizo kijana alikuwa akitangaza picha itakayoonyeshwa Ijumaa.

Jambo la pili ni siri. Kuna siri mbili katika picha hii. Ya kwanza ni kwamba Thakur, afisa wa polisi wa zamani aliyewaajiri wezi wawili Jai na Veeru wamkamatie Gabbar, hana mikono. Tunamwona na shali lake mabegani muda mrefu, kisha linapotokea shambulio la sikukuu ya Holi anasimama karibu na bunduki iliyoanguka chini wala hainami kuiokota, na vijana wake wanamkasirikia mpaka atakapowasimulia yaliyompata. Siri hii msimulizi aliitunza, na upepo ulipolipeperusha shali nilimsikia mtoto mmoja mbele yangu akivuta pumzi. Ya pili ni sarafu ya Jai. Kila linapotokea la kuamuliwa baina yake na Veeru, Jai hurusha sarafu, naye hushinda. Sarafu hiyo ina sura moja pande zote mbili, na mtazamaji hulijua hilo sawia na Veeru, Jai akiwa amekwisha kujitoa mhanga abaki nyuma kuwazuia majambazi darajani. Kijana wetu aliitoboa siri hiyo kwenye mrusho wa kwanza kabisa, ili wateja wacheke: “Huyu mwizi, sarafu yake ni ya uwongo!” Wakacheka kweli. Saa mbili baadaye, Veeru alipoigeuzageuza sarafu ile kiganjani, hakuna aliyeshtuka, na mtoto yule alikuwa akitafuta kiatu chake chini ya benchi.

Hayo ningeyasamehe. Nisiloweza kulisamehe ni kandili. Jioni, Radha, mjane kijana wa mtoto wa Thakur, aliyeigizwa na Jaya Bhaduri, hupita roshani ya juu akizima taa moja baada ya nyingine, na chini kule Jai, ambaye ni Amitabh Bachchan, amekaa kwenye kizingiti akipiga harmonika. Hawaambiani neno. Taa zinapungua, giza linasogea, anabaki yeye na taa ya mwisho, kisha hiyo nayo. Mapenzi yao yote yamo humo. Hawana wimbo wa pamoja, hawashikani mkono. Msimulizi, pengine kwa kuona watu wamenyamaza na kuhofia kwamba wamechoka, alijaza kimya hicho kwa mahesabu ya bei ya stima, kwamba mama huyu anazima mapema kwa sababu tokeni zimekwisha. Utani wenyewe haukuwa mbaya. Mahali pake ndipo palipokuwa pabaya. Na bembea inayolia kwa kutu baada ya familia ya Thakur kuuawa na Gabbar nayo haikusikika, maana yeye alikuwa akihesabu maiti.

Kuhusu nyimbo, zilirukwa zote isipokuwa ile ya pikipiki, eti ili watu wapate kulala. Kwa mji wa pwani hii ni aibu kidogo. Marehemu Juma Bhalo alitupa tarabu za mahadhi ya Kihindi tukazicheza harusini mpaka kanda zikakatika, halafu leo R. D. Burman, mtunzi wa muziki wa picha hii, arukwe Lamu kama tangazo la sabuni! Stima zilipotea mara moja kwa dakika kumi hivi, jenereta ikawashwa upesi, na sina la kulalamikia hapo.

Mjadala baada ya picha ndio ulionilipa shilingi zangu. Vijana wengi hawakuridhika na kifo cha Jai, kwa hoja kwamba stelingi hafi, na akifa basi hakuwa stelingi. Mzee mmoja, fundi wa majahazi, akawajibu kwamba Amitabh alikwisha kufa katika Deewaar, mwaka huo huo wa 1975, na umaarufu wake ukazidi. Mimi naongeza kwamba watengenezaji wenyewe waliwahi kufikiria kumfufua Jai kwa kupiga mwisho mpya, picha ilipoanza kwa kusuasua, kisha wakaghairi, na walifanya vyema. Mwisho uliogeuzwa kweli ni wa Gabbar. Ulivyopigwa kwanza, Thakur anamuua kwa viatu vyenye misumari. Bodi ya ukaguzi ya Uhindi, katika kipindi kile cha utawala wa hali ya hatari, haikutaka mtu aliyekuwa polisi aonekane akijichukulia sheria mkononi, kwa hivyo katika nakala tuliyoizoea, na ndiyo iliyoonyeshwa bandani, polisi wanafika na kumzuia dakika ya mwisho. Sauti kutoka nyuma iliuliza polisi hao walikuwa wapi saa tatu zote hizo, na hata msimulizi hakuwa na jibu.

Wiki moja baadaye niliipata nakala ndefu yenye mwisho wa kwanza, nikaitazama nyumbani kwenye kompyuta pamoja na shangazi yangu, aliyeiona sinema Mombasa alipokuwa bibi harusi. Hajui Kihindi zaidi ya maneno ya nyimbo. Nilimwuliza kama nimfasirie, akanijibu, “Nyamaa, mwanangu, nitazame.” Kwenye kandili aliacha kutafuna tambuu. Thakur alipomwendea babake Radha kumwomba ridhaa ili binti aolewe tena, shangazi alisema kwamba miezi minne na siku kumi za eda ilikwisha zamani na hao walikuwa wanangoja nini, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini wanawake wa hapa huililia picha hii pale Radha anapofunga dirisha mwishoni, wakati sisi wanaume tunabishana kuhusu bunduki. Kifo cha Gabbar hakikumvutia. Alisema kimechelewa na kina damu nyingi.

Kwa hivyo picha naipa alama zote, nikikiri kwamba vichekesho vya mkuu wa jela ni virefu mno. Banda nalipa tatu kati ya tano: usafi, hewa, bei na jenereta ni vizuri, sauti ni ya wastani, nyimbo zirudishwe. Msimulizi simpi alama, kwa sababu kwenye Basanti ningempa tano na kwenye Radha ningemtoa nje.

Nilimweleza mwenye banda haya yote kwa adabu. Akaniambia, “Mwalimu, watu hawaji kutazama Jai, waja kumsikiza huyu mtoto,” kisha akaniahidi kwamba nikipata watu kumi atatuwekea Sholay kavu, bila kipaza sauti na nyimbo zake zote, Jumatatu alasiri kwa shilingi zile zile, na tutasimama kwa adhana. Mpaka leo nimepata sita, nikimhesabu shangazi, ambaye ameuliza kama ataletewa kiti chenye mgongo.