Mwongozo wa GOV.UK kwa wenye mashamba: vipimo safi, ramani utafute mwenyewe

Kama njia ya umma, yaani njia ambayo kila mtu ana haki ya kupita, inakatiza shamba lako England (Scotland ina sheria zake), mwongozo huu wa bure wa GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza, unafaa, hasa kwa vipimo. Njia ya miguu iliyolimwa katikati ya shamba irudishwe kwa upana wa mita 1 au zaidi, ya farasi mita 2, ndani ya siku 14 tangu jembe la kwanza. Ukipitisha haro (chombo cha kulainisha udongo uliolimwa) baadaye, una saa 24 tu za kuirudisha. Hapo ndipo mtu hunaswa. Njia ya pembezoni hailimwi kabisa. Fahali wa mbegu ya maziwa aliyezidi miezi 10 asiachwe kwenye shamba lenye njia ya umma.

Kasoro: njia yako inapita wapi hasa, hausemi. Nenda halmashauri ukaangalie ramani rasmi.