Kaunta buku ya kwaya mbili: mwaka mzima wa kuwafuatilia watu niliokutana nao Sabasaba

Nimeitumia kaunta buku hii tangu Juni mwaka jana, nilipokuwa najiandaa kwenda Sabasaba, maonesho ya biashara ya Dar es Salaam, kwa hiyo sasa naweza kuisemea. Ni ya kwaya mbili (quire 2), yaani kurasa 192, jalada gumu jeusi na mgongo mwekundu wa kitambaa. Niliinunua shilingi 5,000 kwenye duka la vifaa vya shule hapa Ngamiani, Tanga. Mimi nafungasha viungo: pilipili manga, iliki, mdalasini na karafuu kutoka Amani na vijiji vya Muheza. Mauzo yana daftari lake. Hii nilinunua kwa ajili ya watu.

Misimu miwili kabla ya hapo nilirudi nyumbani na bahasha imejaa kadi za biashara. Nikizitandaza mezani naona jina, cheo, namba za simu, na sikumbuki tuliongea nini. Huyu ndiye aliyeulizia iliki ya kijani, au ni yule wa pakiti za gramu 50? Nampigia namwambia "tulionana Sabasaba", na yeye siku ile alipita mabanda mangapi? Ananijibu kwa adabu, simu inakatika, basi. Namba nyingine nilizihifadhi kwenye simu, simu ikaibwa stendi.

Kwenye kaunta buku nilichora kwa rula safu tano: tarehe, jina na anakotoka, alisema nini, nimemwahidi nini, nimrudie lini. Safu ya "alisema nini" niliiachia karibu nusu ya ukurasa, na naandika maneno yake kama alivyoyatamka. Maonesho yanaanza Juni 28 hadi Julai 13, na kila jioni nikifika gesti, Mtoni kwa Azizi Ally, nilikuwa naandika kabla ya kula. Miguu inawaka moto, lakini nikiacha hadi asubuhi, nusu ya mazungumzo imeshayeyuka.

Nawapa mfano mmoja. Siku ya nne alikuja kaka wa makamo, anauza viungo Mombasa. Hakuuliza bei. Aliomba glasi ya maji, akachota pilipili manga yangu kwa vidole vitatu, akaidondosha ndani, akainama kuangalia. Punje nzito huzama. Mapepe huelea, na mbegu za papai ambazo watu wasio waaminifu huchanganya nazo huelea. Zilibaki juu punje mbili. Akazitoa kwa kidole, akazitafuna, akasema, "Dada, hii pilipili nzuri. Shida yangu mimi ni makaratasi ya mpakani." Akaniachia kadi, akaondoka.

Usiku ule niliandika yote: glasi, punje mbili, makaratasi ya mpakani. Kwenye ahadi nikaandika "kuulizia Horohoro", mpakani mwetu na Kenya. Niliporudi Tanga niliulizia, kisha nikamtumia ujumbe: "Assalaam alaykum kaka. Ni dada wa viungo wa Tanga, uliyeniomba glasi ya maji bandani. Nimeulizia yale makaratasi. Mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili, kile cha kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani, bidhaa ikiwemo kwenye orodha ya pamoja ya Afrika Mashariki. Cheti cha usafi wa mimea nitakishughulikia mimi huku." Sikuweka picha ya bidhaa wala bei. Alinijibu usiku uleule kwa sauti, dakika mbili nzima, na mwishoni akasema bado ana mzigo ghalani, nimkumbushe kabla ya Shaabani, maana watu huanza kujiandaa na Ramadhani.

Nikaandika kwenye safu ya tano: Rajabu, wiki ya mwisho. Wiki hiyo ilipofika nilimtafuta. Aliagiza kilo 40 za pilipili manga na kilo 15 za iliki.

Lakini kitabu hakikumbushi mtu asiyekifungua. Ukurasa wa 31 kuna mama wa Dodoma mwenye mgahawa wa pilau. Nilimwahidi sampuli ya mdalasini, nikaiandika ahadi, safu ya tarehe nikaiacha wazi kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nilimkumbuka Oktoba. Alinipokea vizuri sana, akaniambia, "Mwanangu, nilikusubiri wiki tatu, nikapata mwingine." Mstari ule sijaukata. Tangu siku hiyo sifungi ukurasa kama safu ya tano haina tarehe, na kila Jumatatu asubuhi, kabla sijawasha mashine ya kusaga, napitia tarehe za wiki.

Kuhusu kitabu chenyewe: karatasi ni nzito ya kutosha, wino wa peni ya kawaida hautokezi upande wa pili. Mistari ni myembamba kidogo kwa mwandiko wangu. Ubora wake mkubwa uko kwenye kushonwa. Nilishawahi kununua nyingine ya bei ndogo iliyogundishwa tu, na kurasa za mwanzo zilianza kutoka mwezi wa pili. Ukiwa dukani, fungua katikati utazame kama unaona uzi, halafu vuta karatasi taratibu. Hii yangu imepanda basi mara sita na imemwagikiwa chai, haijaachia hata ukurasa mmoja.

Watu wananiuliza kwa nini nisitumie simu. Ninaitumia pia. WhatsApp Business ni ya bure, ina lebo za rangi za kupanga wateja na majibu ya haraka unayoyaandaa mapema, na kwa kutuma inanifaa sana. Ujue tu kwamba ujumbe wa orodha ya kawaida ya matangazo (broadcast) humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo mtu mliyeonana mara moja mtumie wake peke yake. Na tafadhali, msiwatumie watu hawa picha za maua za "Jumapili njema". Mtu aliyekupa dakika kumi za kusikilizwa anastahili ujumbe ulioandikwa kwa ajili yake. Mimi nikiandika mara tatu kwa miezi tofauti bila jibu, namwacha apumzike, jina linabaki kitabuni.

Nimefika ukurasa wa 148. Nyingine nitainunua Novemba, maana Januari shule zikifunguliwa bei hupanda na zilizoshonwa huisha mapema; safari hii nachukua ya kwaya tatu.